Kabla hujaambiwa kioo kimekufa: kuijaribu Game Boy ya zamani hatua kwa hatua

Fundi aliigeuza Game Boy yangu mara mbili, akaiwasha, akaitizama chini ya taa ya duka lake pale Darajani, Unguja, kisha akanirudishia. "Kioo kimekufa, kaka. Na cha kuwekea hakuna. Tupa tu." Dakika tano baadaye nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya mwanzo niliyoiona upande wa Mkunazini, jua la saa nne likinipiga begani, na kwenye kioo hicho hicho kilichokufa matofali ya gemu la Tetris yanashuka moja moja kama kawaida yao.

Simlaumu sana. Kijana kama yule amekulia kwenye simu, na kwenye simu kioo kizima ni kile kinachowaka. Game Boy ya mwanzo, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, haiwaki. Haina taa ndani hata ya dawa. Mwanga unaingia kutoka nje, unapita kwenye kioo, unagonga karatasi inayong'aa iliyobandikwa nyuma yake, unarudi machoni mwako. Pasipokuwa na mwanga nje hakuna cha kurudi. Kwa hiyo ukiokota mashine hii kwenye kabati, ukaiwasha chumbani na ukaona kijani kibichi kilichofifia kama maji ya mchicha, bado hujajua kama ni mbovu. Hujaijaribu.

Hii yangu ililetwa na ami kutoka Maskati miaka ya tisini. Nimeikuta kwa bibi, Kikwajuni, tukifanya usafi wa kupokea Ramadhani, imefungwa ndani ya kipande cha kanga chini ya vikombe ambavyo haviruhusiwi kutumika. Mara ya mwisho kuishika ilikuwa katika ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika Unguja nzima. Mchana tulicheza barazani kwa zamu. Usiku tulijaribu kwa kandili na hatukuona kitu, mpaka tukagundua kwamba kandili lazima likae nyuma ya bega, si mbele. Kumbe tangu wakati ule tulikuwa tunajua dawa yake.

Ijue uliyonayo

Game Boy ya mwanzo ilitoka Japani Aprili 1989. Ni tofali la kijivu, nyuma limeandikwa DMG-01, linameza betri nne za AA. Kushoto ubavuni kuna kigurudumu cha kukoleza na kufifisha kioo, kulia kuna cha sauti, swichi ya kuwashia iko juu. Kushoto kwa kioo, kwa mbele, kuna kitaa kidogo chekundu cha betri. Kioo chenyewe ni kidogo, kama milimita 47 kwa 43, chenye vinukta 160 kwa 144, na rangi zake ni nne tu, zote za ukoo mmoja: kutoka kijani cha ndizi mbichi hadi kijani cha karibu na weusi.

Watu huuliza kwa nini Nintendo hawakuweka taa wakati wenzao waliweka. Atari Lynx ya 1989 na Sega Game Gear ya 1990 zilikuwa na rangi kamili na mwanga ndani. Zilimaliza betri sita kwa saa chache. Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeongoza kazi ya Game Boy, alichagua kioo rahisi kisichokula umeme, na betri nne zikakaa zaidi ya saa kumi. Kwa mtu wa kisiwani ambaye umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka, naona alichagua vizuri.

Kama uliyonayo ni Pocket ya 1996, Color ya 1998 au Advance ya 2001, haya mengi yanakuhusu, maana nazo hazina taa. Mwanga ulikuja Japani pekee kwenye Game Boy Light ya 1998, na kwetu sisi wengine tukangoja hadi Advance SP ya 2003.

Usiiwashe kwanza

Najua mkono unawasha. Jizuie. Fungua kifuniko cha betri nyuma na utizame ndani kwa tochi.

Yangu ilikuwa na betri mbili kati ya nne, na hizo mbili zimeshikana na springi kwa unga mweupe uliokuwa mgumu kama chumvi iliyokauka juu ya nyavu. Unga mweupe mkavu, wakati mwingine wenye ubuluu au ukijani pembeni, ni wa betri za alkalini zilizovuja. Usiuguse kwa vidole vitupu na usiupulize, maana ukiingia machoni utajuta. Ng'oa betri taratibu kwa kijiti cha mti. Kama zimeng'ang'ania, usitumie bisibisi kama nyenzo, kwa sababu vibati vya chuma vinavyogusa betri vimelehemiwa kwenye bodi ya saketi ndani, na ukivuta kwa nguvu unavuta na bodi.

Majimaji ya alkalini ni kinyume cha asidi, kwa hiyo dawa yake iko jikoni: siki. Chovya kijiti cha pamba, kamua kiwe kibichi tu kisichodondosha, gusa ule unga. Utasikia mchemko mdogo na kuona mapovu, hiyo ndiyo kazi inafanyika. Futa, badilisha pamba, rudia. Ndimu nayo inafanya kazi, lakini inaacha unato na sisimizi watakuja kukuuliza habari. Ukimaliza pitisha pamba yenye maji kidogo, halafu pamba yenye spiriti ya duka la dawa, acha wazi mpaka ikauke kabisa. Mimi niliiacha usiku mzima.

Zile betri za bei rahisi, zinazouzwa kila duka la mtaani, nyingi si za alkalini. Zikivuja hutoa utomvu wa kahawia wenye asidi tayari, na hapo siki haina maana. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha spiriti.

Baada ya hapo angalia chuma chenyewe. Kikiwa cheusi au kina kutu ya kijani, kisugue kwa raba ya kufutia penseli au msasa laini sana mpaka king'are. Usisugue mpaka ukala ile ngozi ya juu yote, kwani chuma kilichobaki uchi hapa pwani hakimalizi masika moja. Springi iliyokatika si msiba. Fundi yeyote wa redio atakutengenezea nyingine.

Betri nne, na si kila betri ya AA ni AA

Nunua nne mpya za aina moja. Kila moja ni volti 1.5, jumla 6. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, zipime moja moja kabla ya kuzitia. Iliyo chini ya 1.3 dukani haikuwa mpya. Za kuchaji, zenye volti 1.2, zinafaa pia, ila kitaa kitakuwa hafifu kidogo tangu mwanzo, na usidhani ni ugonjwa.

Sasa hili lisome mara mbili. Kuna betri za tochi zilizo na umbo na urefu ule ule wa AA lakini zimeandikwa 3.7V. Nne zikikaa kwa mfululizo zinakaribia volti 15, na mashine yako itakufa papo hapo bila kukuaga. Soma maandishi kwenye betri. Usimtume mtoto dukani akaleta "betri nne ndogo" tu.

Kabla ya kuwasha, sogeza ile swichi ya juu huku na huku mara kumi au kumi na tano bila betri. Miguso yake imelala miaka na inahitaji kusuguana. Ukija kuwasha na kitaa kikapepesa ukigusa swichi, au mashine ikajizima ukiitikisa, tatizo liko hapo hapo: uchafu ndani ya swichi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia miguso, tone moja, na kusogeza tena. Yangu iliponea hapo.

Mwanga kwanza, kigurudumu baadaye

Hatua hii ndiyo iliyomshinda fundi wangu.

Toka nje. Simaanishi dirishani, namaanisha nje. Wakati mzuri ni asubuhi saa tatu hadi saa tano, au baada ya alasiri, ukae kwenye baraza penye kivuli kilicho wazi ambapo anga unaiona. Mwanga uje kutoka nyuma ya bega lako. Ishike mashine kama unavyoshika msahafu mdogo, halafu iinamishe mbele na nyuma polepole. Kuna pembe moja ambapo kioo kinafunguka ghafla: ule ukijani unageuka manjano na maumbo yanasimama. Ukiipita pembe hiyo kidogo tu, yanazama tena.

Halafu ndiyo uguse kigurudumu cha kushoto. Kizungushe kutoka mwisho hadi mwisho, taratibu, mashine ikiwa inawaka. Upande mmoja kioo kitakuwa kitupu kabisa kama hakuna kitu. Upande wa pili kitakuwa giza lote. Kati yake kuna sehemu nyembamba, pengine upana wa ukucha, ambapo picha iko sawa. Yangu ilikuwa imewekwa upande wa utupu. Fundi aliwasha, akaona utupu, chini ya taa ya dukani, akatoa hukumu. Ukizungusha na kioo kikaruka ruka kati ya giza na mwanga, kigurudumu nacho kina uchafu. Kizungushe mara ishirini na mara nyingi kinatulia.

Jambo dogo ambalo sikulisoma popote: rangi ya nguo yako ina kazi hapa. Mara ya kwanza nilikaa nayo Ijumaa, nimetoka msikitini na kanzu nyeupe, na kila nikiinama naona kitu cheupe kimetanda juu ya gemu. Ilikuwa kanzu yangu inajitizama kwenye plastiki ya juu. Nilibadilisha nikavaa fulana ya buluu, picha ikakolea.

Na jua kali la kaskazi usilichezee. Usiiache mashine juani au juu ya dashibodi ya gari. Kioo kikipata moto kinapiga weusi, kuanzia katikati au pembeni. Ukiona hivyo kiweke kivulini, na mara nyingi weusi unaondoka kikipoa. Doa jeusi lisiloondoka hata mashine ikiwa baridi ni jambo jingine: ile ngozi ya kuchujia mwanga iliyobandikwa juu ya kioo imeungua. Inaweza kubanduliwa na kubadilishwa, ila ni kazi ya mwenye subira.

Jaribio lisilohitaji kaseti

Wengi wanaipata mashine bila kaseti (kile kipande cha plastiki chenye gemu ndani) na wanadhani hawawezi kujua lolote. Wanaweza. Iwashe hivyo hivyo tupu.

Game Boy ikiwashwa, kabla ya kuanza gemu, inasoma nembo ya Nintendo kutoka ndani ya kaseti, inaishusha kutoka juu ya kioo hadi katikati, inalia ule mlio wake wa "ti-ding", kisha inalinganisha nembo hiyo na ile iliyohifadhiwa ndani yake. Zikilingana gemu linaanza, zisipolingana inasimama hapo hapo. Sasa pasipokuwa na kaseti inasoma hewa, na hewa inaonekana kama wino mtupu. Kwa hiyo unachotakiwa kuona ni ukanda mweusi unaoshuka polepole, unasimama katikati, mlio unasikika, basi.

Tizama karibu zaidi, kulia kwa huo ukanda. Kuna alama ndogo ya R ndani ya duara. Hiyo haitoki kwenye kaseti, mashine inaichora yenyewe kutoka kumbukumbu yake. Ukiona ukanda mweusi, ukaona na ile R ndogo imekaa safi, na umesikia mlio, basi kichwa cha mashine, kioo na spika viko hai. Kilichobaki ni kutafuta kaseti.

Ukisikia mlio lakini kioo ni kitupu hata juani na kigurudumu umekizungusha chote, tatizo ni la njia ya kioo: ndani kuna bodi ndogo inayogawa umeme, volti 5 kwa bodi na volti hasi kwa kioo, na hizo hasi zikikosekana huoni kitu. Au fleksi, ule utepe laini wa nyaya unaounganisha nusu ya mbele na ya nyuma, imelegea. Ukikosa vyote, na kitaa hakiwaki, rudi kwenye springi na swichi kabla ya kuwaza mengine.

Kaseti

Ukitia kaseti ukaona bado ukanda mweusi, au nembo iliyoliwa na panya, kaseti haisomeki. Sote tulifundishwa kupuliza. Tuache. Mate yanabaki kwenye miguu ya shaba na hewa yetu ya chumvi inamalizia. Kijiti cha pamba na spiriti, pitisha juu na chini kwenye ile miguu, pamba itatoka nyeusi kama umefuta sufuria. Kausha, tia, toa, tia tena mara tano ili na mdomo wa mashine ujisafishe.

Kama gemu linaanza lakini halikumbuki ulipofikia, ndani ya kaseti kuna kibetri cha duara cha volti 3 ambacho kimekwisha. Hilo halihusu kaseti zote. Tetris haina kabisa, na rekodi yako inakwenda na maji kila ukizima.

Vifungo na sauti

Tetris ndiyo kifaa kizuri cha kupimia, na kwa kuwa Marekani na Ulaya iliuzwa pamoja na mashine, kaseti yake ndiyo inayopatikana zaidi. Kwenye ukurasa wa kuchagua kiwango kuna namba 0 hadi 9 kwa safu mbili, hapo jaribu pande zote nne za kifungo cha msalaba. Ndani ya gemu A na B zinageuza umbo huku na huku, chini linaharakisha, Start inasimamisha, Select inaficha umbo linalofuata. Bonyeza A, B, Start na Select kwa pamoja: ikirudi mwanzo, vyote vinne vinafika.

Kifungo kinachotaka kusukumwa sana hakijafa. Chini yake kuna raba yenye kidoti cheusi cha kaboni, na uchafu umekaa kati yake na bodi.

Sauti ikikwaruza, ni kigurudumu cha kulia, kizungushe. Ikiwa spika kimya lakini ukichomeka visikilizio unasikia, mashine inadhani visikilizio vimechomekwa daima. Chomeka na kuchomoa mara kumi.

Mpwa wangu, wa darasa la sita skuli, alicheza kidogo akaniuliza: "Mjomba, mbona kila kitu kina kivuli chake nyuma?" Ameona vizuri. Vinukta vya kioo hiki vinachelewa kuzimika, kwa hiyo kitu kinachokimbia kinaburura mkia. Ndivyo ilivyozaliwa. Usimlipe mtu akutengenezee.

Mistari iliyokosekana

Ugonjwa wa kweli wa kioo hiki ni mistari ya kusimama iliyopotea, kama mkeka uliochomolewa ukili. Kioo chenyewe kizima. Gundi inayoshika fleksi chini ya kioo ndiyo iliyochoka.

Kuifungua unahitaji bisibisi ya miguu mitatu, yenye ncha kama herufi Y. Skrubu sita nyuma, mbili ziko ndani ya chumba cha betri. Usilazimishe bisibisi ya kawaida, utakula vichwa na hutafungua tena. Fungua kama kitabu, polepole, kwa sababu nusu mbili zimeshikwa na fleksi. Ndani, skrubu za nusu ya mbele ni za kawaida.

Chini ya kioo kuna ukanda laini uliofunika fleksi. Ubandue, kisha pitisha chuma cha kulehemu chenye moto mdogo juu ya mshono wa fleksi na kioo, mpapaso mfupi wa sekunde moja, huku mashine inawaka ili uone mistari ikirudi. Usibonyeze, usisimame mahali pamoja. Mistari miwili kati ya mitatu iliyopotea kwenye yangu ilirudi, wa tatu ulikataa na nimeuacha. Mistari ya kulala hutoka kwenye fleksi ya pembeni, na hiyo kwa maoni yangu usiiguse kama huna kioo cha akiba.

Kuna vioo vipya vya kuagiza vyenye mwanga ndani, na kuna watu wanabandua ile karatasi ya nyuma na kuweka kitaa. Vinapendeza. Vinakula betri zaidi, na ukikosea kubandua umepasua kioo cha asili. Ukitaka kufanya, maliza majaribio yote kwanza, na kile cha zamani usikitupe.

Kuilaza tena

Vile vipakiti vya chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinanyonya unyevu. Tia vitatu kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na mashine, hasa masika. Mchele acha kwa pilau. Nyumba za mawe za mji huu kuta zake zinatoa jasho, kwa hiyo kopo lisigusane na ukuta.

Betri zitoe kila ukimaliza. Zangu nimezifunga kwa mpira na kuziweka juu kabisa ya kabati, maana zikiwa chini bibi huzichukua kwa redio yake.